Sheria kali ya bunduki inaweza kuzuia mauaji ya watu wengi? Jibu kwa mwenyekiti wa kijiji, Nachingwea

Swali: Mimi ni mwenyekiti wa kijiji wilayani Nachingwea. Mfanyabiashara mmoja wa korosho ameomba kumiliki bastola na anataka barua ya kijiji. Hapa kijijini tumegawanyika. Wapo wanaosema sheria ikikazwa zaidi, mauaji kama yale ya shule za Marekani hayatafika kwetu. Wengine wanasema ni kujisumbua bure: Rwanda watu waliuawa kwa panga, Kitaya, kule Mtwara mpakani na Msumbiji, wavamizi hawakuomba leseni, na jambazi haendi kwa mtendaji kuomba barua. Nataka kujua ukweli kabla sijagonga muhuri. Jambo lingine: mwombaji huyu anajulikana kwamba humpiga mkewe, ingawa hajawahi kufikishwa polisi. Nifanye nini?

Jibu: Mwenyekiti, shikamoo. Umeleta maswali mawili kwa mara moja na yanategemeana. La kwanza nalijibu hivi: ndiyo, sheria kali hupunguza mauaji ya watu wengi kwa mpigo, na pale yanapotokea hupunguza idadi ya wanaokufa. Haiyazuii yote. Na ikiishia siku ya kukabidhi leseni, inazuia kidogo sana. La pili: usigonge muhuri. Sasa nieleze, kwa sababu watu wako watataka sababu.

Nianze na panga, maana hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Mwaka 1994 Rwanda ilipoteza mamia ya maelfu ya watu ndani ya takriban siku 100, na panga lilitumika kila kona. Lakini tazama yaliyotokea makanisani, shuleni na viwanjani, kule ambako watu walikimbilia kwa maelfu. Mara nyingi askari na wanamgambo walianza kwa risasi na mabomu ya kurusha kwa mkono, wakavunja nguvu za waliokuwa wakijitetea, wakafunga njia za kutorokea, ndipo wenye mapanga na marungu wakaingia. Tena wauaji walikuwa na serikali nyuma yao. Sheria ya leseni za raia isingekuwa kinga hapo.

Kitaya vilevile. Oktoba 14, 2020, wavamizi wapatao 300, kwa maelezo ya Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) wa wakati ule, Simon Sirro, walivuka kutoka Msumbiji wakaua watu na kuchoma nyumba. Watu wa namna hiyo hawadhibitiwi na fomu ya maombi. Wanadhibitiwa na ulinzi wa mpaka, na taarifa za wananchi, na jitihada za kuwazuia vijana wasiingizwe kwenye makundi yale. Kwa hiyo wanaopinga sheria kali kijijini kwako wako sahihi juu ya Kitaya. Kosa lao ni kudhani kwamba kila mauaji ya watu wengi ni ya namna ya Kitaya.

Sheria ya umiliki inamlenga mtu mwingine kabisa: mmoja, mwenye hasira au chuki, asiye na jeshi nyuma yake, anayeamka asubuhi na kwenda kuua watu waliokusanyika. Kwa mtu huyo, chombo alichoshika ndicho kinachoamua wangapi watazikwa. Desemba 14, 2012, katika wilaya ya Guangshan, jimbo la Henan nchini China, mwanamume aliingia na kisu kwenye shule ya msingi akajeruhi watoto zaidi ya 20. Hakuna aliyekufa. Siku hiyohiyo huko Newtown, jimbo la Connecticut, Marekani, kijana wa miaka 20 aliingia shule ya Sandy Hook akiwa na bunduki inayofyatua risasi moja kila ukivuta kichocheo, bila kuikoki upya, akaua watoto 20 na watu wazima 6. Bunduki ile haikuwa ya magendo. Mama yake aliinunua kihalali na kuiweka nyumbani, na yeye ndiye aliyeuawa kwanza, kitandani mwake. Naomba ulikumbuke hilo la nyumbani, nitalirudia nikifika kwa mfanyabiashara wako.

Kisu kinaua pia, sikatai. Aprili 2024 mtu mwenye kisu aliua watu 6 katika jengo la maduka la Bondi Junction, Sydney. Lakini mwenye kisu lazima akufikie, na watu wanakimbia, na mtu jasiri anaweza kumzuia kwa kiti.

Nchi inayotajwa sana katika mjadala huu ni Australia, na inafaa kukaa nayo kidogo, kwa sababu watu huitaja bila kueleza ilifanya nini hasa. Aprili 28, 1996, mtu mmoja aliua watu 35 huko Port Arthur, kisiwani Tasmania. Waziri Mkuu John Howard, aliyeongoza muungano wa vyama uliotegemea pia kura za wakulima wenye bunduki, aliwakalisha viongozi wa majimbo yote wakakubaliana ndani ya wiki chache. Bunduki zinazofyatua haraka zilipigwa marufuku kwa raia wa kawaida. Kila silaha iandikishwe. Mwombaji asubiri siku 28. Aeleze sababu ya kweli ya kuhitaji silaha, na kujilinda pekee hakukubaliki kuwa sababu. Ahifadhi kwa namna iliyoelekezwa. Kisha serikali ikanunua kutoka kwa wananchi bunduki zipatazo 650,000 na kuziharibu. Katika miaka 18 kabla ya hapo nchi ile ilikuwa imepata matukio 13 ya mtu kuua kwa risasi watu watano au zaidi. Baada ya hapo haikupata hata moja hadi 2018, familia moja ilipouawa shambani huko Osmington.

Wapo wataalamu wanaosema pengine matukio yangepungua hata bila sheria. Wana haki ya kuhoji. Mimi nikitazama 13 kwa 0 katika zaidi ya miongo miwili, naona sheria ilifanya kazi, na nasema hivyo bila kusita.

Lakini Desemba 2025, ufukweni Bondi, baba na mwanawe waliwamiminia risasi Wayahudi waliokuwa katika sherehe yao wakaua watu 15. Baba alikuwa na leseni halali. Mtoto alikuwa amewahi kuchunguzwa na idara ya usalama miaka ya nyuma. Hapo ndipo penye tundu, na si Australia peke yake. Yule aliyeua watu 51 misikitini Christchurch, New Zealand, mwaka 2019, alikuwa na leseni. Aliyeua vijana kisiwani Utøya, Norway, mwaka 2011, alizipata bunduki zake kihalali. Plymouth, Uingereza, polisi walimnyang'anya kijana mmoja bunduki yake baada ya kupiga watu hadharani, kisha wakamrudishia Julai 2021. Mwezi uliofuata aliua watu 5, wa kwanza akiwa mama yake mzazi.

Unaona jambo hili, Mwenyekiti? Nchi hizi zilikuwa na mlango mzuri wa kuingilia. Zilichokosa ni jicho linalomfuata mwenye bunduki baada ya kuipata. Mtu anapewa leseni akiwa mtulivu, ana kazi, ana sifa njema, halafu miaka inapita, moyo unabadilika na hakuna anayerudi kumtazama.

Sasa Marekani, ambako raia wanakadiriwa kuwa na bunduki kama 120 kwa kila watu 100. Katiba yao inalinda haki ya kumiliki silaha, kwa hiyo njia ya Australia imefungwa kwao. Hata hivyo kila jimbo lina sheria zake, na tofauti hiyo imewapa watafiti mahali pa kupimia. Majimbo yanayomtaka mtu apate kibali cha polisi kabla ya kununua, na yale yanayokataza kasha la risasi nyingi, yameonekana kuwa na mauaji machache zaidi ya watu wengi. Linalonigusa mimi zaidi ni lile linaloruhusu familia au polisi kwenda mahakamani kuomba mtu anyang'anywe silaha kwa muda kwa sababu ametoa vitisho. Connecticut ilianza mwaka 1999, kwanza kwa ombi la polisi au mwendesha mashtaka pekee. Baadaye California nayo ikawa na sheria hiyo, na watafiti wakapitia amri 21 zilizotolewa huko dhidi ya watu waliotishia kuua wengi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuja kutekeleza tishio lake. Hatuwezi kusema wote 21 wangeua. Lakini ningependa kuishi karibu na mtu aliyenyang'anywa kuliko aliyeachiwa.

Amri hizo zinafanya kazi kwa sababu wauaji wa namna hii huwa hawanyamazi. Watafiti waliopitia maisha ya waliofanya mauaji hayo hadharani Marekani tangu 1966 walikuta karibu nusu walikuwa wamemwambia mtu kabla: rafiki, ndugu, mwenzao shuleni. Tena katika zaidi ya nusu ya matukio ya watu wanne au zaidi kuuawa kwa risasi Marekani kati ya 2014 na 2019, miongoni mwa waliouawa alikuwemo mke, mpenzi au ndugu wa muuaji. Magazeti yanaandika kanisa, shule, soko. Ukifuatilia nyuma unakuta chumba cha kulala na mwanamke aliyekuwa akipigwa kwa miaka, na majirani waliokuwa wakisikia.

Turudi kwetu kusini. Bunduki zilizoua watu wengi katika ukanda wetu zilitoka wapi? Julai 2015 kituo cha polisi Stakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa, askari na raia wakauawa, silaha zikabebwa. Aprili 13, 2017, pale Jaribu wilayani Kibiti, mlango wa kuja huku kwetu, askari 8 waliuawa na bunduki zao zikachukuliwa. Ng'ambo ya Ruvuma, tangu Mocímboa da Praia iliposhambuliwa Oktoba 2017, sehemu kubwa ya silaha za waasi ni zile walizoziteka kwenye kambi na vituo vya vyombo vya ulinzi vya Msumbiji. Kwa hiyo anayetaka sheria kali na akamtazama mkulima na mwenye duka tu, ameacha ghala kubwa wazi. Ukali uanzie kwenye maghala ya dola: silaha iwe na alama yake, ihesabiwe, ilindwe na watu wa kutosha, na iliyozeeka iharibiwe. Hayo Tanzania iliyakubali kwa maandishi mwaka 2004 ilipotia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo, na wananchi wana haki ya kuuliza utekelezaji wake umefika wapi.

Kuna na gobole. Hapa nitasema kwa kirefu, maana ndiyo bunduki ya Nachingwea, Liwale na Nanyumbu, na ndiyo inayojaza mahabusu. Mzee amerithi gobole la babake, analiweka darini, analitoa tembo wakishuka shambani au nguruwe mwitu wakiharibu muhogo. Kwake ni zana ya shamba. Kisheria ni silaha kama silaha nyingine. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inaitaka iwe na leseni, na kuwa nayo bila leseni kunaweza kushtakiwa kama kosa la uhujumu uchumi, ambako kifungo ni kuanzia miaka 20 hadi 30. Nimewasimamia wazee wa namna hii mahakamani. Wengi hawakuwa wamewahi kusikia kwamba gobole linaingia kwenye uhujumu uchumi mpaka waliposomewa shtaka.

Gobole halifai kwa mauaji ya watu wengi. Unamimina baruti, unashindilia, unafyatua mara moja, unaanza upya. Linaua mtu mmoja katika ugomvi wa mpaka wa shamba, linaua tembo, na linamlemaza mwenyewe likipasuka. Ndiyo maana nasema adhabu ya miaka 20 haijayatoa magobole darini. Imeyaficha zaidi. Kinachoyatoa ni msamaha. Jeshi la Polisi limekuwa likitangaza kipindi cha kusalimisha silaha kwa hiari, kwa kawaida Septemba na Oktoba, ambapo anayesalimisha ndani ya muda hashtakiwi. Tangazo hilo huishia redioni na mjini. Likipita, lisome kwenye mkutano wa kijiji, lisome msikitini na kanisani, na umwambie kila mzee kwamba unaweza kumsindikiza mwenyewe. Na usimwache mikono mitupu mbele ya tembo: akiharibiwa shamba, taarifa iende mapema kwa ofisa wanyamapori wa wilaya ili askari waje kuwafukuza, na ili dai lake la kifuta jasho liwe na kumbukumbu. Mtu akiona tembo anashughulikiwa, ataliachia gobole.

Majirani zetu wametupa mfano mzuri wa hili. Mwaka 1995, baada ya vita vyao vya miaka 16, Baraza la Kikristo la Msumbiji chini ya Askofu Dinis Sengulane lilianza mpango wa kubadilisha silaha kwa jembe. Ulileta bunduki, ukaondoka na jembe, baiskeli, cherehani au mabati. Silaha zilikatwakatwa, na wasanii wakazigeuza vinyago na viti. Hakuna aliyefungwa kwa kuleta. Natamani siku moja halmashauri zetu za Lindi na Mtwara zifanye hivyo kwa magobole, kwa pampu ya kupulizia mikorosho au baiskeli.

Nimefika kwa mfanyabiashara wako. Maombi ya silaha huanzia kijijini au mtaani, kisha yanapanda kwenye kamati za ulinzi na usalama hadi Jeshi la Polisi. Watu wengi wanaona hatua ya kijiji kuwa ya kupita tu: mtu anakuja na soda, muhuri unagongwa. Mimi nasema ndiyo hatua nzito kuliko zote. Ofisa wa polisi aliye mbali atatafuta rekodi ya makosa, na hataona kitu kwa sababu mke hakuwahi kushtaki. Wewe huhitaji rekodi. Unajua nani analewa na kutishia watu, nani amepoteza pesa msimu huu na kusema atamaliza mtu, nyumba ipi inatoa vilio usiku. Sheria yote niliyokueleza, ya Connecticut na ya Australia, inajaribu kupata taarifa ambayo wewe unayo tayari.

Atakwambia anabeba fedha na anaogopa majambazi. Hofu hiyo ni ya kweli wakati wa msimu. Lakini malipo ya korosho kupitia stakabadhi ghalani sasa yanaingia benki, na fedha anazozishika mkononi anaweza kuzipunguza kwa benki na simu. Halafu mtu anayejulikana kuwa na bastola huwa shabaha ya wezi wanaoitaka bastola yenyewe, na ikiibwa imeshaingia mitaani. Na ndani ya nyumba yake kuna mtu ambaye tayari anapigwa kwa mikono mitupu. Ongeza bastola hapo uone nini kinabaki. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Kupigwa kwake si jambo la ndani ya nyumba ambalo kijiji hakiruhusiwi kulisema.

Usikatae kwa mdomo, wala usikatae peke yako. Iite Kamati ya Ulinzi na Usalama ya kijiji, mjadili, muhtasari uandikwe na mtendaji, na uamuzi uwe wa kamati. Andikeni mliyoyaona na kuyasikia ninyi wenyewe, kwa tarehe pale mnapozikumbuka: ugomvi uliotulizwa na balozi wa nyumba kumi, mara aliyotishia jirani, ulevi wa hadharani. Msiandike uvumi. Wala jina la mke lisitokee popote kama mtoa taarifa, hata kama yeye ndiye aliyewaambia. Nakala ipelekwe kata na kwa mkuu wa polisi wa wilaya, kwa sababu mtu aliyekataliwa kijiji kimoja hujaribu kuhamishia maombi kijiji kingine. Na kama kijijini kwako kuna mwenye bunduki ya leseni tangu zamani, ombeni polisi waje wamkague: bado anayo, anaihifadhi wapi, leseni imelipiwa, hali yake ikoje.

Kabla ya barua ya kukataliwa kumfikia mwombaji, fanya jambo moja kwanza. Mtafute mwanamke mwenye busara ndani ya kamati, azungumze na mke wa mtu huyu mahali pa faragha, amweleze kuhusu Dawati la Jinsia na Watoto la polisi Nachingwea, na wapange ni nyumba gani ya ndugu atakwenda ikiwa usiku utaharibika. Mume akipata habari ya kunyimwa bastola wakati mke hajui pa kukimbilia, hasira yote itaishia kwake.